Siku Iliyopotea Hulipwa na Nani? Kazi ya Mchezaji wa Raga Ikitazamwa Kutoka Malindi

Mpwa wangu ana miaka 19 na uzito wa kilo 104. Huvua na mashua moja ya Mayungu, hapa Malindi, na Jumamosi jioni, maji ya bamvua yakishatoka na pwani ikawa pana, hucheza raga mchangani na wenzake. Mwezi uliopita alinijia na simu mkononi. Mtu aliyejiita wakala alikuwa amemwandikia kwamba kuna klabu ya Ulaya inayomtaka: kandarasi ya miaka miwili, nyumba na gari. Ila kwanza atume shilingi 45,000 za "kufungua faili".

Nikamwambia asitume hata ndururu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mjomba, mchezaji wa kulipwa ni yupi hasa? Analipwa na nani?"

Nilidhani nitamjibu kabla kahawa haijapoa. Tukakaa barazani hadi adhana ya isha, na bado sikuwa nimemaliza. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia usiku ule, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nikiwa kitandani.

Nilianza na swali analolijua yeye vizuri kuliko mimi. Ukikosa siku baharini, fungu lako huenda wapi? Akacheka. Kila baharia anajua: chombo kina fungu lake, nahodha ana lake, na asiyepanda hana. Basi historia nzima ya raga kama kazi inazunguka hapo hapo.

Mwishoni mwa karne ya 19, kaskazini mwa Uingereza, raga ilichezwa na wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Jumamosi kwao ilikuwa siku ya kazi hadi mchana. Ukisafiri kwenda kucheza mji wa mbali, ujira wa saa zile unakatwa. Klabu zao zikaomba jambo dogo: ziruhusiwe kumfidia mchezaji zile saa alizopoteza. Wakubwa wa chama, wengi wao watu wa kusini waliosoma shule za kitajiri, wakakataa. Muungwana hachezi kwa pesa, walisema, na ni rahisi kusema hivyo kama Jumamosi yako haikatwi. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zikajitenga. Huko ndiko ilikotoka raga ya ligi, ile ya wachezaji 13.

Raga ya yunioni, ya wachezaji 15, ambayo ndiyo tunayoicheza Kenya, ikabaki na marufuku yake. Ilikaa nayo hadi tarehe 26 Agosti 1995, wakuu wa mchezo walipokutana Paris na kutangaza kwamba sasa mtu yeyote anaweza kulipwa. Hesabu mwenyewe: karne nzima kasoro siku tatu. Kwa muda wote huo mabingwa wakubwa walikuwa na kazi nyingine. JPR Williams wa Wales alikuwa daktari wa upasuaji. Colin Meads wa New Zealand alikuwa mkulima. Kwa hiyo, mtu akikuambia kazi hii ina mila ya kale, mwambie hapana. Ni kazi changa, na mambo yake mengi bado yanatafutiwa utaratibu.

Hapo mpwa wangu akataka kujua mshahara. Nikamwambia angoje, kwa sababu mshahara unategemea mashua ni ya nani.

Ufaransa na Uingereza, mwenye mashua ni klabu. Tajiri au kampuni inamiliki timu, inaajiri wachezaji na kuwalipa kila mwezi, nayo timu ya taifa huwaazima. Ireland ni kinyume. Chama cha taifa ndicho chenye mali, na timu nne za mikoa, Leinster, Munster, Ulster na Connacht, ziko chini yake. Nyota wakubwa kandarasi zao huandikwa na chama moja kwa moja. New Zealand nayo iko karibu na mtindo huo. Tofauti hii si ya makaratasi tu. Mwajiri akiwa chama cha taifa, humpumzisha mchezaji ili adumu. Akiwa tajiri wa klabu, humtaka Jumamosi hii, na Jumamosi ijayo pia.

Ligi kuu ya Uingereza imeweka kikomo cha jumla ya mishahara: pauni milioni 6.4 kwa klabu kwa mwaka, ukiacha vifungu vichache vya nyongeza. Tuseme kikosi kina watu 40. Ukigawa sawasawa kila mmoja anapata pauni 160,000. Macho ya mpwa wangu yakawaka. Lakini hakuna anayegawa sawasawa. Namba 10 wa timu ya taifa, yule anayepanga mchezo, anaweza kubeba peke yake fungu la vijana wengi wa akiba, kisha kodi ya huko inachukua chake, kisha wakala naye. Na mashua yenyewe huzama. Mwaka 2022 klabu za Worcester na Wasps zilifilisika msimu ukiwa umeshaanza, na London Irish ikafuata 2023. Wasps iliwahi kuwa bingwa wa Ulaya mara mbili. Wachezaji wake waliamka asubuhi hawana kazi, baadhi yao wakiwa na majeraha ambayo hakuna aliyebaki kuyagharamia.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu hapa ndipo fundo lenyewe lilipo.

Kenya inajulikana duniani kwa raga ya wachezaji saba kila upande. Tarehe 17 Aprili 2016, Shujaa, timu yetu ya taifa ya mchezo huo, walitwaa taji la Singapore kwa kuwanyoa Fiji 30-7 katika fainali, wakiwa chini ya kocha Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu. Mwaka huo huo Collins Injera akaweka rekodi ya dunia kwa kufunga miguso mingi kuliko mchezaji yeyote wa raga ya saba, rekodi aliyokuja kupitwa nayo na Dan Norton wa Uingereza. Kwa asiyeujua mchezo, mguso ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, na thamani yake ni pointi tano.

Lakini raga ya saba haina soko la klabu. Mechi ni ya dakika 14, mashindano yanamalizika kwa siku mbili au tatu, na wanaoshindana ni mataifa. Hakuna tajiri wa klabu ya Ufaransa anayekuja kukununua. Mwajiri wako ni chama cha nchi yako, na chama kinategemea wadhamini na serikali. Mdhamini akichelewa, nawe unachelewa. Juni 2018, katika mashindano ya Paris, wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wakiwa wamefunika jina la mdhamini kwenye jezi zao, kwa sababu pesa zilizoahidiwa hazikuwa zimewafikia. Hao walikuwa miongoni mwa wanaraga wanaojulikana sana duniani. Fikiria sasa wa chini yao. Wanawake ndio kabisa: Lionesses, timu yao ya taifa, wamecheza Olimpiki ya Rio na ya Tokyo, lakini mwanamke anayeishi kwa raga pekee Kenya ni adimu kama mvua ya Januari Malindi.

Pesa za klabu ziko kwenye raga ya 15. Na katika raga ya 15 sisi hatujawahi kufika Kombe la Dunia. Mwaka 2018 tulikwenda Marseille kugombea tiketi ya mwisho na Canada, Ujerumani na Hong Kong, tukapoteza mechi zote tatu. Nafasi zilipoongezwa kuwa timu 24 kwa ajili ya 2027, tiketi ya Afrika ilichukuliwa na Zimbabwe kule Kampala, Julai 2025. Hili linamgusa kijana wa Mayungu moja kwa moja. Mawakala wa kweli huangalia mechi za mataifa makubwa na za vijana wa chini ya miaka 20. Nchi isiyoonekana huko, wachezaji wake nao hawaonekani.

Kwa hiyo mchezaji wa Kenya huishi vipi? Kombe la Kenya, ligi yetu kuu, lipo tangu 1970, na klabu zake zina namna mbalimbali za kumlipa mtu ile siku iliyopotea. KCB ilizaliwa kama timu ya benki. Kabras ya Kakamega ina kiwanda cha sukari nyuma yake. Nyingine ni za vyuo vikuu, na nyingine ni za wanachama wanaojichangisha wenyewe. Malipo huwa ajira ya kawaida kwa kampuni yenye timu, au posho ya mwezi, au karo ya chuo, au nauli na chakula baada ya mazoezi. Mimi binafsi naona ajira ndiyo kandarasi bora kuliko zote, ingawa haina mbwembwe. Mguu ukivunjika, kazi yako ya dawatini bado ipo. Wapo watakaonibishia, hasa vijana, kwamba mtu hawezi kukaa ofisini hadi saa kumi na moja kisha akapambane na mtu wa Afrika Kusini anayelala mchana. Nao hawajakosea.

Baada ya hapo alitaka tuzungumzie safari, na hapo ule ujumbe wa "wakala" ukaanza kujianika wenyewe.

La kwanza ni namba ya jezi. Katika raga, namba ni cheo cha kazi: 1 hadi 8 ni wasukumaji, 9 hadi 15 ni wakimbiaji. Mtu anayetafutwa sana sokoni ni namba 3, yule wa upande wa kulia wa mstari wa mbele kwenye skramu, pale wasukumaji wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana. Yeye hubanwa na wapinzani wawili, bega la kushoto na la kulia, akiwa na uzito wa wenzake nyuma yake. Watu wa namna hiyo ni wachache, huchelewa kukomaa, na wengine hucheza hadi miaka 35. Uzito wao hukaribia kilo 120 na kuzidi. Winga huanza mapema na kwisha mapema, maana mbio haziazimwi. Mpwa wangu kwa kilo zake 104 angefaa namba 6 au 7, na huko Ulaya mawinga wengine wana uzito kama wake. Yule mtu wa simu alimwahidi nafasi ya namba 3 bila hata kumuuliza urefu.

La pili ni karatasi. Miaka ya nyuma kulikuwa na mlango mzuri. Mei 2003, mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Maroš Kolpak, kipa wa mpira wa mikono kutoka Slovakia, kwamba raia wa nchi zenye mkataba na Umoja wa Ulaya, akiwa tayari ana kibali cha kazi, asihesabiwe kama mgeni katika timu. Nchi za Afrika, visiwa vya Pasifiki na Karibiani zikanufaika kwa mikataba yao, Kenya ikiwemo, na Waafrika Kusini wakamiminika Uingereza. Uingereza ilipojitoa, mlango huo ukafungwa mwisho wa 2020. Sasa huko wanataka kujua kwanza umechezea timu gani ya taifa.

Ufaransa wana mtindo wao. Hawaulizi pasipoti, wanauliza ulilelewa wapi. Kati ya wachezaji 23 wa siku ya mechi, klabu ya ligi kuu inatakiwa kuwa na wastani wa angalau 16 waliokulia katika mfumo wa mafunzo wa Kifaransa. Mfiji aliyepelekwa huko na miaka 17, akakaa misimu ya kutosha, anahesabiwa wa nyumbani. Mfaransa aliyejifunzia raga ng'ambo huenda asihesabiwe. Maana yake kwa kijana wa miaka 19 ni kwamba amechelewa kidogo kwa mlango huo, na klabu itakayomchukua itamweka kwenye zile nafasi chache za wageni, ambazo hugombewa na watu waliokwisha kubeba Kombe la Dunia. Malindi imejaa Waitaliano, nao wana timu mbili katika ligi ya pamoja na Waayalandi, Waskoti, Wawelisi na Waafrika Kusini: Benetton ya Treviso na Zebre ya Parma. Kila mara yupo mtalii mmoja hotelini anayemwahidi kijana wetu kwamba atazungumza na mtu Treviso. Wengine wana nia njema. Lakini mwenye nia njema hana kibali cha kumpa mtu.

La tatu ni wakala mwenyewe. Wakala halali hula jasho la kandarasi, baada ya kandarasi. Ufaransa sheria imemwekea ukomo wa asilimia 10. Klabu ikikutaka kwa dhati, inakupima afya yenyewe na kukukatia tiketi yenyewe. Anayetaka pesa kabla hujagusa mpira anafanya biashara na wewe, na klabu haimjui.

Njia zenye mikunjo zipo, sikatai. Daniel Adongo, Mkenya, alipitia Afrika Kusini, New Zealand na Urusi akicheza raga, na mwaka 2013 akasajiliwa na Indianapolis Colts kucheza mpira wa Kimarekani, mchezo ambao hakuwahi kuucheza maishani. Hadithi hiyo vijana wa pwani huipenda sana. Mimi huwaambia waanze na ile miaka yake ya New Zealand.

Tukafika kwenye kandarasi yenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari. Mambo ya kusoma kwanza si mshahara. Soma kifungu cha jeraha: ukiumia, utalipwa kwa muda gani, na nani atagharamia upasuaji? Kandarasi nyingi ni za mwaka mmoja hadi mitatu, na goti lililochanika kano huchukua miezi tisa au zaidi kurudi. Mwenye kandarasi ya mwaka mmoja anaweza kuimaliza yote akiwa kwenye magongo.

Kisha soma kifungu cha wadhamini, hasa wewe unayeswali. Sonny Bill Williams, Mwislamu na bingwa wa dunia mara mbili na New Zealand, Aprili 2017 alibandika utepe juu ya nembo ya benki kwenye kola ya jezi yake, kwa sababu ya riba. Chama chake kilikubali kwamba ana haki ya kukataa kutangaza benki, pombe na kamari. Hapa Kenya raga imebebwa kwa miaka mingi na mabenki, viwanda vya bia na kampuni za kubahatisha. Kijana akiona tatizo na hilo, aseme kabla hajatia saini, akiwa bado ana kitu wanachokitaka. Kuhusu Ramadhani, huo ni mjadala mwingine mrefu. Wapo wanaofunga na kucheza, na hupanga na daktari wa timu mapema.

Jambo la mwisho ndilo nililolichelewesha makusudi, maana dada yangu alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza.

Kichwa. Mtu akipigwa akayumba, mechi za kulipwa zina utaratibu: anatolewa kwa dakika 12, daktari anampima kumbukumbu na mizani, na akishindwa harudi. Tangu 2024, wachezaji wa ngazi ya juu huvaa kinga ya meno yenye kifaa kinachopima kishindo na kumtumia daktari ujumbe. Hayo yamekuja baada ya watu kuumia. Steve Thompson alikuwa namba 2 wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia 2003. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42, alitangaza kwamba ana maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na kwamba haikumbuki ile fainali. Ryan Jones, aliyekuwa nahodha wa Wales, naye alitangaza hali kama hiyo 2022. Mamia ya wachezaji wa zamani wamekwenda mahakamani wakidai hawakulindwa. Mchangani kwetu hakuna daktari wala kifaa. Kuna mtu wa kukumwagia maji usoni na kukuambia inuka. Nilimwambia mpwa wangu, mbele ya mama yake: ukigongwa kichwa ukaona kizunguzungu, siku hiyo mchezo umekwisha, na kwa raga ya mtaani pumziko linaloshauriwa ni siku 21 kabla ya mechi nyingine.

Wengi huacha wakiwa na miaka thelathini na kidogo, wengine mapema zaidi, na waliobaki salama ni wale walioanza kazi ya pili kabla ya kwanza kwisha. Innocent Simiyu alikuwa nahodha wa Shujaa kisha akawa kocha wao. Humphrey Kayange, kaka yake Injera, aliingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hao ndio majina yanayojulikana. Wengine ni polisi, walimu, wauza bima, na hakuna anayewatambua wakipanda matatu.

Mpwa wangu akafuta ule ujumbe. Kisha akanionyesha mwingine ambao hakuwa ameutaja kabisa, labda kwa kuwa haukuwa na nyumba wala gari: klabu moja ya Mombasa inafanya majaribio Jumamosi, saa mbili asubuhi, njoo na viatu vyako. Hakuna ada, hakuna malipo.

"Na nahodha?" nikamuuliza.

"Amesema niende. Fungu langu atampa atakayekaa mahali pangu."

Nikampa nauli ya Mombasa, ya kwenda na kurudi. Ijumaa usiku mama yake alimfungia mahamri kumi kwenye kitambaa, na alfajiri mashua ilitoka Mayungu na mtu mwingine.